Watoto wa Ghala la Miwati

Mwanangu Zaina,

Nyumba imejaa shangazi zako na kelele zao. Nimetoroka na karatasi hizi, nimekaa huku nyuma kwenye kabichi, ambako hakuna atakayenifuata kwa sababu matope hayajakauka. Mama yako ameshakwambia habari ya blanketi, ya viatu, ya kutochanganya nguo nyeupe na za rangi, na ameyarudia hayo mpaka nadhani hata mbuzi wetu wameyashika. Mimi sitaongeza. Nataka kukujibu swali uliloniuliza mwaka jana tulipokuwa tunapanda njia ya msitu. Ulitua mzigo ukasema, "Baba, mbona watu hawaji tena kwetu jioni kama zamani?" Nikakwambia watu wana kazi nyingi. Lile halikuwa jibu, na wewe ulijua, maana ulijitwika mzigo wako ukatangulia bila neno.

Nianzie mbali kidogo. Nilipokuwa mtoto, serikali ya Waingereza iliwalazimisha watu wa milima hii kuchimba matuta kwenye miteremko, na asiyechimba alishtakiwa. Babu yako alichimba huku anatukana kwa sauti ya chini. Uhuru ulipokuja nilikuwa kijana. Nilikwenda Lushoto kwa miguu, nikacheza ngoma mpaka viatu vya kuazima vikapasuka. Nilikuwa nachezea jambo moja tu, kwamba hatatokea tena mtu wa kusimama juu ya shamba langu akaniamrisha. Miaka ikapita, watu wa nyumba zetu kumi wakanichagua niwe mjumbe wao. Nilifurahi sana. Sikujua kwamba safari hii wa kusimama juu ya mashamba ya wenzake nitakuwa mimi.

Ulikuwa darasa la nne walipokuja wale maofisa wa elimu kutoka wilayani kuwapima watoto. Walikuwa wanajaribu jambo jipya: kuchukua watoto wepesi wa kila kijiji na kuwaweka pamoja katika darasa moja kwenye shule ya tarafa, wafundishwe kwa kasi yao. Katika kijiji chetu kizima ulichaguliwa wewe peke yako. Siku ile nilichinja kuku. Kesho yake mama yako alikwenda kisimani, akawakuta wanawake wanazungumza, alipofika wakanyamaza. Mmoja akamwuliza, kwa upole kabisa, "Mama Zaina, hivi wako amechaguliwa na nani? Na wetu wamekataliwa na nani?" Mama yako alirudi na ndoo nusu.

Nikafanya lile ambalo leo nisingelifanya. Nilikuita nikakwambia, "Mwanangu, usijionyeshe. Ukijua jibu, kaa nalo." Nilidhani nakukinga na macho ya watu. Wewe, kwa kuwa ulikuwa mtoto wa kutii, ulilichukua neno langu ukaenda nalo shuleni.

Shule ya tarafa ilikuwa mbali, ng'ambo ya mgongo wa mlima, kupita mashamba ya chai. Haikuwa njia ya mtoto kwenda na kurudi kila siku, na bweni halikuwapo. Nikakuweka kwa watu walioniambia wao ni jamaa wa mwalimu. Hukuniambia kwamba ulikuwa unabeba mtoto wao mgongoni tangu ukitoka darasani mpaka giza. Hukuniambia kwamba chakula chako kilikuwa kile kilichobaki. Kila Ijumaa ulirudi miguu imepasuka kwa baridi, ukatuamkia, ukala, ukalala. Mwalimu akatuma salamu kwamba maksi zako zinashuka na kwamba wilaya isije ikajuta.

Ndipo nikakutana na Mama Danieli.

Nilikuwa napeleka karoti Soni. Kwenye kona ya juu ya chai nikamwona mwanamke amembeba mtoto mgongoni, mtoto mwenyewe mkubwa, miguu inaning'inia karibu na ardhi. Nilimjua kwa sura tu. Alikuwa Mlutheri, mjane wa bondeni kule chini, mume wake alifia hospitali ya Bumbuli. Nikamwomba nimpokee mtoto. Alikuwa anachemka kwa homa. Mama akasema, "Huyu ni Danieli wangu. Yuko darasa la wateule. Nilimpangia nafasi kwenye jiko la kilabu cha pombe, ndiko nilikopata. Usiku analala walevi wakishaondoka." Kisha akaniangalia vizuri. "Wewe si baba yake Zaina? Danieli ananiambia Zaina anampa viazi vyake."

Viazi gani, mwanangu? Ulikuwa unagawa chakula usichokuwa nacho.

Tulimfikisha yule mtoto zahanati, tukakaa nje kwenye benchi. Nikamsimulia habari ya kisimani. Nilitazamia anipe pole. Alicheka. "Wewe umenyamaziwa na wanawake tu? Mimi mama mkwe anasema mwanangu ana akili kwa sababu nimempeleka kwa waganga. Na Danieli mwenyewe siku hizi akija nyumbani anajifanya hajui hata kuhesabu kuku, ili binamu zake wacheze naye." Aliposema hivyo nilikumbuka lile neno nililokwambia. Nikauliza, "Anajifanya hajui?" Akasema, "Ndiyo. Na wako pia. Danieli anasema Zaina anamaliza hesabu kabla ya wote, kisha anafuta mbili tatu na kuandika makosa."

Nilirudi nyumbani bila kufika Soni. Karoti zile tulikula wenyewe.

Kuanzia hapo tulianza kutafutana, wazazi wa watoto wale. Tulikuwa wachache, kila mmoja mlima wake. Yuko aliyetoka huku Rangwi, Mkatoliki, hajawahi kuketi na Mwislamu zaidi ya sokoni. Kilichonishangaza ni kwamba kila aliyefika alikuja na maneno yaleyale aliyodhani ni yake peke yake: majirani wamepoa, mtoto amekuwa mkimya, mtoto anaomba arudishwe nyumbani na hasemi kwa nini. Mtu anaweza kubanwa na jambo miaka mingi akiamini limembana yeye tu duniani. Siku anapomsikia mwenzake analisema, jambo linabaki palepale, lakini anaweza kupumua.

Nusu ya njia kati ya shule na kijiji chetu, ndani ya mpaka wetu, kando ya barabara, lilikuwapo ghala lililoachwa. Zamani lilihifadhi magome ya miwati, yale ya kutengenezea ngozi. Tukaliomba, tukapewa kwa maneno tu. Tukaziba paa, tukapiga ukuta wa kugawa wavulana na wasichana, na tukapanga zamu: kila juma mzazi mmoja analala pale, anapika, anawasimamia. Lilinuka magome yale hata baada ya kusuguliwa na majivu, na nyinyi mlikuwa mnarudi nyumbani mnanuka hivyohivyo.

Nisikudanganye kwamba tulipendana mara moja. Siku ya kwanza tu mama yako aliishika sufuria yake akasema haiwezi kupikiwa nyama isiyojulikana aliyeichinja. Mama yule wa Rangwi akajibu kwamba naye hapikii watu wanaomwona najisi. Mama Danieli alikuwa amechutama anapuliza moto. Akasema bila kugeuka, "Nyama yenyewe iko wapi? Mimi naona maharage. Kama mnagombana, basi gombaneni habari ya maharage." Mama yako alicheka kwanza. Tangu siku ile sufuria ikawa ya wote.

Na nyinyi mkafunguka. Hilo nililiona kwa macho yangu zamu yangu ilipofika. Nilikuwa nimelala karibu na mlango nikawasikia mnabishana juu ya mwezi, kama unatoa mwanga wake au unaazima. Danieli anapiga kelele, wewe unampigia kelele zaidi, hakuna anayemwogopa mwenzake. Sikuwa nimewahi kuisikia sauti yako kubwa namna ile. Nilijifunika blanketi kichwani nisije nikakohoa mkanyamaza.

Basi ikaja amri ya kuhamia vijijini. Unakumbuka malori na mgambo. Sisi tulikuwa tayari kando ya barabara, hatukuhama, lakini watu wa bonde lile walipandishwa huku kwetu, na Mama Danieli akaja kuwa mmoja wa nyumba zangu kumi. Nikafurahi kwamba sasa tu majirani. Kumbe ndipo nilipofungwa kamba. Kwa kuwa lilifunguliwa shamba la kijiji, kila mtu mzima ana siku zake za kulima, na kazi ya mjumbe ni kusema nani hakufika. Anayelala ghalani juma zima hafiki shambani. Juma la kwanza mama wa Rangwi hakufika shamba la kijijini kwao, huyo hakuwa wangu wa kumtaja. Juma la pili hakufika Mama Danieli. Juma la tatu hakufika mama yako.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mbaruku, aliniita kwake. Nilimwamkia, akaitikia, akanipa kiti na uji. Sikiliza, hakuwa mtu mbaya, na ndiyo maana jambo hili lilinitesa. Aliniambia, "Rajabu, mimi sina chuki na mtoto wako. Lakini nitazame. Darasa la kijiji hiki watoto wanakaa chini, mwalimu mmoja anafundisha madarasa mawili. Nyinyi mna taa, mna mpishi, mna paa. Tumesema hatutaki wakubwa na wadogo. Hawa mnaowalea pale watakuwa nani kesho kama si wakubwa wa hawa wanaokaa chini?" Nilijaribu kusema kwamba wale watoto wanateseka. Akasema, "Na hawa?" Kisha akaweka kikombe chini. "Mkutano ni Jumamosi. Utasimama useme nani hafiki shambani. Ghala litafungwa au halitafungwa, wataamua watu. Lakini wewe utasema."

Siku zile zilizobaki sikula vizuri. Nikisema, nawauza wenzangu niliokula nao. Nisiposema, mimi ni mjumbe mwongo aliyewaficha wa kwake, na kila mama aliyelima siku zake kwa mgongo unaouma ana haki ya kunitemea mate. Nilifikiri kujiuzulu. Mama yako akasema, "Ukijiuzulu watamweka mwingine aseme, na wewe utakaa pembeni mikono safi. Ndivyo unavyotaka?" Nilifikiri kukurudisha nyumbani mambo yaishe. Sikumwambia mama yako hilo. Kila njia niliyoifikiria niliiona mwisho wake, na mwisho wake ulikuwa ukuta.

Jumamosi watu walikaa kwenye uwanja wa shule, ukungu umeshuka mpaka huwezi kumwona aliye nyuma. Mzee Mbaruku akaniita. Nikasimama. Nikasema, "Wa kwanza ni mke wangu, Mama Zaina. Wa pili ni mimi mwenyewe, maana nilikuwa naziba tena paa la ghala siku ambayo nilikuwa na zamu ya shamba." Halafu nikaishia hapo. Nilisimama pale kama mti. Mtu wa nyuma akasema, "Endelea, mjumbe." Sikuendelea.

Mama Danieli akasimama kwenye ukungu ule. "Na mimi," akasema. "Usinifiche, Baba Zaina. Sijafanya la kufichwa."

Pakawa na makelele. Wapo waliosema ghala livunjwe, mbao zijengee zizi la kijiji. Ndipo aliposimama mwanamke ambaye sikumtegemea, yuleyule aliyemwuliza mama yako swali kisimani. Nilijikaza kusubiri matusi. Akasema, "Mimi sitaki ghala lifungwe. Kwa nini mlifunge? Mimi nataka mwanangu aingie. Kama kuna taa, basi ikae mahali ambapo na mwanangu ataiona." Sisi wa ghala tulitazamana, na niliona aibu, kwa kuwa katika miezi yote ile ya kusema tumetengwa, hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kuwaita wengine. Tulijijengea nyumba ya kujikinga na macho yao, kisha tukashangaa wanatutazama vibaya.

Uamuzi unaujua nusu. Ghala likawa la kijiji. Mtoto yeyote anayetaka kusoma jioni aje, wa wateule na asiye wa wateule. Hiyo ndiyo nusu mliyoishangilia. Nusu ya pili ni kwamba hakuna atakayesamehewa shamba kwa sababu ya zamu, na waliokosa walipe siku zao zote. Mimi na mama yako tulikuwa wawili, tulilipa. Mama Danieli alikuwa mmoja, ana watoto wadogo nyuma ya Danieli, na shamba lake mwenyewe limebaki bondeni, mwendo mrefu. Nikamwendea nikamwambia nitamlimia. Akasema, "Utanilimia leo. Na keshokutwa? Na mwaka ujao? Danieli ana mikono." Nikamwambia mtoto yule ana akili kuliko wote, hata Zaina anajua. Akaacha jembe akanitazama. "Baba Zaina, unafikiri mimi sijui alivyo mwanangu?"

Ndivyo Danieli alivyotoka darasa lenu. Ulilia, ukasema amewaacha. Hakuwaacha. Uamuzi uleule uliowafungulia wengine mlango ulimkanyaga yeye akiwa kizingitini, na mimi nilikuwapo nikaupigia kura. Mkono wangu ulinyanyuka pamoja na wa watu wote. Mpaka leo sijui ningefanyaje vingine. Nimelifikiria nikipalilia, nimelifikiria nikiswali.

Ujumbe wangu wa nyumba kumi waliuondoa mwezi uleule. Waliotaka ghala livunjwe wananiona mtu wa kujipendelea. Wenzangu wa ghala, baadhi yao, hawajasahau kwamba nilisimama kusema majina, ingawa nilisema ya nyumbani kwangu tu. Hilo ndilo jibu la swali lako. Watu hawaji jioni kwa sababu sikuwa wa hawa wala sikuwa wa wale, na mtu wa namna hiyo hakuna anayejua akae naye upande gani.

Sikwambii haya ili uende umejaa huzuni. Nakwambia kwa sababu huko uendako, shule ile kubwa ya bara, utakuta wasichana waliotoka kila mkoa, kila mmoja alikuwa wa kwanza kwao na kila mmoja amekuja na ukimya wake. Utawajua. Ni wale watakaofuta majibu. Watafute. Usingoje mpaka mmoja abebwe mgongoni. Na mkishapatana, mkishakuwa na moto wenu na sufuria yenu, tazameni nje ya mlango kabla mtu hajaja kuwauliza mnamficha nani taa. Sisi tulichelewa hapo. Lile neno langu la zamani, la kukaa na jibu ukilijua, nalitangua leo. Jibu ukilijua, liseme.

Danieli nilimwona juzi na gunia la majani ya chai begani. Nilimwambia unaondoka. Alisema, "Najua." Akaendelea na njia. Usimwandikie barua ya kumwonea huruma. Ukiweza, mwandikie hesabu iliyokushinda.

Mimi nitabaki hapa. Wakati mwingine natazama mteremko huu na naona kwamba nimezaliwa juu yake, nimelazimishwa juu yake, nimewalazimisha wengine juu yake, na nitazikwa juu yake. Si malalamiko. Nasema tu mambo yalivyo. Ulipochaguliwa sasa mara ya pili nilitaka kupanda lori pamoja nawe nisirudi. Mama yako alinisoma usoni akaniambia niende nikakame mbuzi.

Lipo jambo moja la mwisho, na ndilo lililonifanya niandike badala ya kungoja tuzungumze asubuhi. Mama Danieli hajawahi kuacha zamu yake ghalani. Tangu mwanawe atolewe, kila zamu yake ikifika analala pale, anawapikia watoto wa watu, na alfajiri anateremka shambani. Kesho asubuhi ni zamu yake, na mdogo wake Danieli anaumwa kifua, wamemlaza Bumbuli. Leo mchana nilimwona njiani amesimama hajui aende kulia au kushoto. Nikamwambia aende kwa mwanawe, uji wa asubuhi nitapika mimi. Akasema, "Kesho si ndiyo Zaina anaondoka?" Nikasema ndiyo. Akageuka akashika njia ya Bumbuli.

Kwa hiyo utakapoamka hutanikuta. Mama yako na shangazi zako watakufikisha Mombo. Lori likifika kwenye kona ya ghala, usimwombe dereva asimame, mtachelewa. Piga kelele jina langu tu, kwa ile sauti yako ya kubishania mwezi, nami nitatoka mlangoni na mwiko mkononi.

Ni mimi baba yako,
Rajabu